Mpiganaji Aliyepewa Jina la Anti Zipporah

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Fridah alivua viatu mlangoni, akasuuza sahani yake ya asubuhi na kusali sala fupi. Kisha aliruhusiwa kucheza gemu hadi adhana ya magharibi iliposikika kutoka msikiti wa mtaani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa muuguzi katika hospitali moja jijini Riyadh.

Gemu alilolipenda lilikuwa la Kijapani, gemu la mapigano. Mchezaji aliweza kuunda mpiganaji wake mwenyewe na kumchagulia uso, nywele, nguo na jina. Fridah alilimudu vizuri sana. Jambo moja tu lilimkera. Wapiganaji wanaume walivaa chuma kutoka shingoni hadi miguuni. Wanawake walivaa kana kwamba wametoka nyumbani mbio kabla ya kumaliza kuvaa. Tena mwanamume akishindwa alianguka kimya, lakini mwanamke alipiga magoti, akalia na kuomba ahurumiwe.

Kilio hicho ndicho alichokitumia Norman.

Norman alikuwa na miaka kumi na mitatu, na aliishi Jeddah, mtaa wa Sharafiya. Mama zao walikuwa marafiki tangu walipoishi Kitale, Kenya, na watoto hao walicheza pamoja kwa mtandao. Fridah alikuwa amemshinda mara nyingi. Siku moja Norman alimuunda mpiganaji mwenye miwani na kitambaa cha zambarau kichwani, kama Fridah mwenyewe, akamwita FRIDAH. Akampiga, akarekodi kile kilio, kisha akakituma kwenye kundi la simu la watoto wa Wakenya.

“Pole Fridah, chukua kitambaa ujifute!” aliandika Gilbert.

Tangu siku hiyo, kila aliyeshindwa katika jambo lolote aliambiwa “amefridah.” Aliyepata alama mbaya za hesabu alikuwa amefridah. Aliyeangusha sahani alikuwa amefridah.

Fridah hakulia. Alikaa kitandani akiwaza kisasi, na kadiri alivyokiwaza ndivyo kilivyozidi kuwa kitamu. Hata alipofumba macho kusali, aliuona uso wa Norman ukiaibika, akafurahi kabla ya kusema amina.

Lakini kumuunda mpiganaji mwenye sura ya Norman kusingetosha, kwa sababu Norman alikuwa mtu wa kujicheka mwenyewe. Ilibidi ampate mahali panapouma. Fridah alipajua. Norman hakuwa na mtu aliyempenda kuliko shangazi yake, Anti Zipporah. Wazazi wake walipotangulia kuja Saudia, yeye ndiye aliyemlea huko nyumbani. Sasa Anti Zipporah mwenyewe alifanya kazi za ndani katika nyumba ya watu Jeddah. Alilala hukohuko, na mapumziko yake yalikuwa Ijumaa mchana.

Katika kabati la nguo za gemu lile kulikuwa na vazi la mtumishi wa kike: gauni jeusi fupi mno, aproni nyeupe, na utepe wa lesi kichwani. Aliyevaa vazi hilo aliinama kabla ya kupigana, na maandishi yakatokea: “Niamuru, bwana wangu.” Fridah alimchagulia mpiganaji mashavu manene, akamtia alama nyeusi karibu na mdomo kama ile ya Anti Zipporah. Akaandika jina: ZIPPORAH.

“Unatabasamu nini peke yako?” mama yake aliuliza kutoka jikoni.

“Mafi, mama. Hakuna kitu.”

“Tabasamu hilo silipendi. Kama kuna mtu amekukosea, niambie. Nitazungumza na mzazi wake.”

“Halas, mama, yameisha.”

Hayakuwa yameisha. Mpiganaji alikuwa amehifadhiwa kwenye akaunti ya Fridah, na angeweza kumfungua popote. Shule zilipofungwa, yeye na mama yake walipanda basi kwenda Jeddah kuwatembelea kina Norman.

Siku ya Ijumaa watoto walijaa sebuleni. Norman alimpokea Fridah kwa kuinama.

“Karibu, bingwa wa machozi! Nimekuwekea boksi zima la tishu.”

Watoto wakacheka. Fridah akachukua pedi ya kuchezea gemu. “Nimeleta mpiganaji mpya,” alisema.

“Anaitwa nani?”

“Utamjua tu.”

Mpiganaji akatokea kwenye televisheni, akainama. Gilbert akapiga makofi. “Wee! Norman, si huyu ni anti yako!”

Kicheko kikalipuka. Fridah akamwacha mpiganaji wake apigwe kwa makusudi, hadi akapiga magoti na kulia.

“Mwambie anti asimame, Norman!” Fridah alisema kwa sauti kubwa. “Sakafu bado chafu!”

Uso wa Norman ulibadilika. Fridah akaona raha kifuani, ile raha aliyoingoja siku zote hizo. Lakini kicheko kilianza kufa kutoka upande wa mlango, mtoto mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki yeye peke yake akicheka.

Anti Zipporah alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alishika kitana na chupa ya mafuta ya nywele, maana alisikia Fridah amekuja, akataka kumsuka.

“Huyo ni nani?” aliuliza.

Akasoma jina mwenyewe.

“Na anafanya kazi gani?”

“Ya... ya nyumbani,” Fridah alinong’ona.

“Kwa nguo hiyo? Anakaangaje sambusa? Si mafuta yatamrukia mapajani?”

Mtoto mmoja alichekelea kidogo. Anti Zipporah hakucheka.

Norman akamnyang’anya Fridah pedi. “Ngoja! Mama yako naye anavaa nguo za hospitali, sivyo? Namuunda sasa hivi!”

“Halas, Norman.” Anti Zipporah alimshika mkono. “Ukimalizana na mama yake, yeye atakuja kwa mama yako. Mtaishia kwa nani? Haya, nani alianza?”

Gilbert akaeleza yote, tangu kile kilio cha kwanza. Anti Zipporah akamgeukia Norman. “Kwa hiyo jiwe la kwanza ni lako. Lifute.”

Norman akamfuta yule mpiganaji mwenye miwani. Kisha, shangazi yake akiwa amemsimamia, akaandika kwenye kundi: “Nilimtengeneza Fridah analia kwa sababu ananishinda kila mara. Samahani. Msiseme tena amefridah.”

“Afadhali umekiri, baba,” Gilbert alisema. “Tulikuwa tunajua.”

Fridah naye akamfuta mpiganaji wake. “Nisamehe, Anti,” alisema mbele ya wote.

“Nimesikia,” alijibu Anti Zipporah. Hakusema, “Nimekusamehe.” Fridah aligundua hilo. Kisasi alikuwa amekipata chote, lakini kilikuwa hakina ladha tena.

Alasiri, saa za mapumziko zilipokwisha, Fridah aliomba yeye na mama yake wamsindikize Anti kwa teksi. Ndani ya gari alisema, “Anti, nilitaka kumwumiza Norman. Wewe hukunikosea kitu.”

“Najua,” alisema Anti Zipporah. “Ndiyo maana limeniuma. Sikiliza, mwanangu. Nyumba ninayofanyia kazi wananiita Maryam. Si kwa ubaya, jina langu linawashinda tu. Wiki nzima mimi ni Maryam. Ijumaa peke yake ndiyo siku naitwa Zipporah, jina alilonipa mama yangu. Leo nimeingia mlangoni nikitamani kuitwa, nikalikuta liko pale, limepiga magoti.”

Fridah akalia, na safari hii hakujali nani anamwona. “Waliotengeneza gemu ndio walioweka nguo zile,” alijitetea.

“Na wao wana makosa yao, na wataulizwa na Mungu. Lakini hawanijui mimi. Wewe unanijua. Nguo ilikuwa kabatini. Mkono ulionivisha ni wako.” Akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. “Ukikosewa, mwambie aliyekukosea. Asiposikia, mwambie mtu mzima. Kisasi hakimpati mwenye kosa peke yake. Humpitia na yule aliyekuja kukusuka nywele. Nimekusamehe, na Mungu anasikia. Usirudie.”

Teksi ikasimama mbele ya lango refu. Anti Zipporah akashuka, akabonyeza kengele.

“Maryam! Yalla, yalla!” sauti iliita kutoka ndani, ikimhimiza aharakishe.

Fridah akateremsha kioo cha gari, akatoa kichwa nje.

“Kwaheri, Anti Zipporah!” aliita kwa nguvu zake zote. “Anti Zipporah, Ijumaa ijayo utanisuka!”

Anti Zipporah aligeuka, akainua mkono wenye kitana, akaingia ndani akitabasamu.