Bega Lililokataa Kushuka

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Wembe alikuwa wa kwanza kufika kwenye mlango wa stoo ya michezo. Alimsaidia Kocha kutoa pinde, akaburura marobota ya nyasi yaliyobandikwa shabaha za karatasi, kisha akasimama kwenye mstari wa chokaa nyuma ya madarasa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye ulimi unaokata pande zote. Ndiyo maana nyumbani walimpa jina hilo, na shuleni likamfuata.

Muhula ule mambo yalimwendea kombo. Binamu yake Bonge, mvulana wa kifua kipana na mwendo wa pole, alikuwa amepandishwa kutoka upinde mwepesi hadi upinde mgumu wa wakubwa. Wembe aliona wivu. Tangu waanze mazoezi yeye ndiye aliyekuwa na shabaha nzuri zaidi, iweje abaki na upinde wa watoto? Akamganda Kocha kama kupe, mpaka Kocha akakubali.

"Jaribu," Kocha alimwambia. "Ukikushinda, unarudi kwenye mwepesi bila kununa. Na bega likianza kuuma, uniambie siku hiyohiyo."

Upinde ule ulikuwa mkaidi. Kila alipouvuta, bega la kushoto, la mkono ulioushika, lilipanda mpaka likakaribia sikio. Mgongo ulipinda, na mkono wa kulia ukatetemeka kabla ugwe, ile kamba ya upinde, haujafika kidevuni. Mshale wa kwanza ulipita juu ya shabaha. Wa pili ukagonga ukuta wa darasa.

"Shusha bega," Kocha alisema.

"Nimeshusha, Kocha."

"Hujashusha. Shusha kwanza, ndipo uvute. Na uvute kwa mgongo, usivute kwa mkono."

Wembe alisaga meno. Kuvuta kwa mgongo ndiyo nini? Kwani mgongo una vidole? Alilishusha bega likatulia vizuri, lakini alipoanza tu kuvuta, likapanda lenyewe. Mshale mwingine ukaishia ukutani.

"Huo ukuta umekukosea nini?" Bonge aliuliza, na wenzao wakaangua kicheko.

"Nyamaza wewe. Mishale hii imepinda."

Bonge aliuchukua mshale uleule, akauvuta taratibu, akauachia. Ukazama karibu kabisa na katikati.

"Labda umenyooka ukiwa njiani," alisema.

Siku zilivyokwenda, hasira ndiyo iliyovuta upinde. Ugwe ulimchapa mkono wa kushoto mpaka ukavilia damu, naye akaanza kuvaa sweta jua likiwaka. Bega lilimuuma akiandika, likamuuma akifunga viatu. Kila jioni Kocha alimuuliza kama linauma, na kila jioni Wembe alijibu, "Haliumi," huku akitazama pembeni. Mashindano na shule jirani yalikuwa yanakaribia. Alijua akisema kweli upinde utarudi stoo.

Aliyemgundua ni mama yake, fundi wa kushona, Jumamosi moja walipokuwa wakianika nguo uani.

"Mbona unaanika kwa mkono mmoja?" mama aliuliza.

"Huu mwingine umechoka tu, mama."

"Hebu uinue."

Wembe aliuinua. Ulipofika usawa wa kifua, uso wake ukakunjamana. Mama akaweka beseni chini, akaupandisha mkono wa sweta ile na kuiona damu iliyovilia, ya buluu, iliyoenea kutoka kiwikoni.

"Kocha wako anajua?"

Wembe aliuvuta mkono wa sweta chini.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, mwanangu. Mimi kazi yangu ni sindano, mambo ya upinde siyajui. Tutaanzia zahanati, halafu Jumatatu tunakwenda kwa Kocha wote wawili, na utamwambia kwa kinywa chako."

Zahanati walisema msuli umevutika, apumzike. Jumatatu, Wembe alisimama mbele ya Kocha na ule ulimi wake mkali ukawa mzito.

"Bega linauma tangu wiki ya kwanza. Nilikudanganya. Niliogopa utaninyang'anya upinde."

Kocha hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Ungesema mapema, ungepumzika kidogo tu. Sasa mashindano yatakupita," alisema.

Na kweli yakampita. Bonge alirudi na medali shingoni, na Wembe akampongeza kwa midomo iliyokauka. Maumivu yalipoisha, Kocha hakumpa upinde. Alimpa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, akamsimamisha pembeni mwa wanafunzi wadogo.

"Dada, mshale wako uko wapi?" kadogo kamoja kalimuuliza.

"Nimeumeza," Wembe alijibu, na machozi ya hasira yakamlenga.

Kocha alisimama nyuma yake, akaweka kidole katikati ya mifupa miwili ya mabega. "Vuta. Jaribu kukibana kidole changu kwa mifupa hii."

Wembe alivuta. Kidole hakikubanwa, bega likapanda. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata pia. Alitamani kuutupa mpira ule juu ya paa.

Jioni moja alikuwa amechoka hata kukasirika. Aliacha bega la kushoto lianguke, akausukuma mkono mbele kuelekea shabaha, na badala ya kung'ang'ana na vidole vya kulia, akakipeleka kiwiko nyuma. Mifupa ile ikakaribiana. Mikono ikawa myepesi, uzito wote ukahamia mgongoni.

"Umekibana," Kocha alisema. Akaenda stoo, akarudi na upinde mwepesi na mishale mitatu.

Wembe hakuutazama upinde kwa dharau safari hii. Alishusha bega, akavuta, akaachia. Mishale yote ilitua upande wa kushoto wa katikati, imesongamana kama ndizi za chane moja.

"Hakuna hata mmoja uliopata katikati," Wembe alisema kwa unyonge.

"Kulenga tutarekebisha kesho, ni jambo dogo. Mishale iliyokaa pamoja ina mwalimu mmoja: umevuta vilevile mara zote tatu," Kocha alijibu. Kisha akamgeukia. "Sikiliza. Bega linalopanda nina zoezi lake. Mkono dhaifu nina zoezi lake. Lakini mtu akiniambia haliumi na linauma, sina pa kuanzia. Siwezi kumfundisha mwanafunzi aliyejificha."

Wembe aliitikia kwa kichwa, akaenda kuing'oa mishale yake.