Watoto Wako kwa Bibi Yao

Ukumbi wa kupandia meli ulikuwa umejaa watoto. Walikuwa juu ya masanduku, chini ya viti, mabegani mwa baba zao, na wengine walishavaa maboya viunoni kana kwamba meli ingezama kabla haijang'oa nanga. Katikati ya foleni alisimama mwanamke mwenye suti ya kitani rangi ya maziwa na viatu vipya vilivyokuwa vimeanza kumchubua visigino. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Mwaka mzima alikuwa amefuta makamasi na kuamua ugomvi wa penseli, hata mdogo wake akamhurumia, akamkatia tiketi na kumwambia aende mahali ambapo hakuna mtu atakayemwita Mwalimu. Jambo moja liliwapita wote wawili: mwalimu hupata likizo siku zile zile watoto wanapofunga shule.

Watoto kadhaa walikuwa wakikimbizana kati ya mizigo. Mmoja alijikwaa, na boksi la juisi alilolishika likapasukia suti ya kitani. Mwalimu hakupanga kusema kitu. Sauti ilimtoka yenyewe, ile ya darasani, isiyo kali wala ya juu.

"Wote, kaeni chini."

Wakakaa. Watoto wa upande ule wa ukumbi walikaa sakafuni kimya, na nyuma yake mwanamume mzima, mrefu, shati la mikono mifupi limenyooshwa mpaka mistari ikasimama, naye akaketi juu ya sanduku lake, mikono magotini.

"Wewe sikukwambia," Mwalimu akamwambia.

"Samahani, Mwalimu. Mwili umetii wenyewe."

Alimweleza kwamba alikuwa dereva wa basi la shule, na kwamba sauti ile huisikia kila asubuhi getini, angeijua hata usingizini. Safari hii alizawadiwa na shule kwa kuendesha miaka mingi bila ajali. Walidhani wanampumzisha, alisema, akiwatazama wale watoto waliokaa sakafuni wakisubiri ruhusa ya kuinuka. Mwalimu alicheka kwa pua, kicheko cha mtu aliyechoka, kisha akawaruhusu watoto wasimame. Dereva alisubiri mpaka na yeye akaruhusiwa.

Meli ilikuwa kubwa kama mtaa wa maghorofa. Ilikuwa na mabwawa, mabembea, bomba la kuteleza lililozunguka mpaka juu ya bomba la moshi, na kipaza sauti kilichotangaza michezo tangu chai ya asubuhi. Kulikuwa na sitaha iliyoandikwa ya watu wazima tu, lakini watoto waliokuwa hawajajua kusoma hawakujali maandishi, na waliojua ndio hawakujali kabisa. Wale wawili hawakupanga kukutana tena. Ila chumba cha kulia kilipangwa kwa familia, meza za watu sita na wanane, na walio peke yao waliwekwa kwenye meza ndogo karibu na mlango wa jikoni. Safari ile walio peke yao walikuwa hao wawili tu.

Mhudumu aliwaletea maji, karatasi mbili za kuchorea na kalamu za rangi, akauliza kama watoto wako njiani. Mwalimu alizisogeza karatasi kando. Alikuwa ameulizwa hivyo na mama mmoja kwenye lifti, na mwingine bwawani, na kila mara jibu lilimwacha na uchovu usio wa mwili.

"Watoto wako kwa bibi yao," Dereva akasema. "Tuletee supu tu."

Mhudumu alipoondoka, Mwalimu alimkazia macho.

"Kwa bibi yupi?"

"Mama yako. Mama yangu angewalisha peremende mpaka meno yaoze."

Mwalimu alicheka, safari hii kwa mdomo wote. Kuanzia hapo wakawa na mchezo. Mtu akiwauliza, walijibu kwa zamu. Walikuwa na wawili, wa kike na wa kiume. Wa kiume alikuwa mtundu, amerithi kwa baba. Wa kike alikuwa na akili, kwa hiyo kwa mama. Jioni walikaa nyuma ya meli, kwenye kijisehemu ambacho hakikupendwa na mtu kwa sababu kilipokea hewa ya moto ya chumba cha kufulia, na hewa yenyewe ilinuka sabuni. Walikivumilia kwa ajili ya utulivu. Walizungumza habari za kazi zao, za magoti yake Dereva yanayouma kwa kukanyaga klachi, za sauti ya Mwalimu inayokauka kila mwisho wa muhula. Wakati mwingine hawakuzungumza. Mwalimu alisinzia mara moja begani mwake, na Dereva hakusogea mpaka mkono ukafa ganzi. Alipoamka, alimwomba radhi.

"Lala tu," alimwambia. "Mimi abiria wangu wote husinzia."

Mkono wake ukawa ndani ya mkono wa Mwalimu, na hakuna aliyeuondoa.

Lililowaharibia lilikuwa jambo dogo. Wakati wa chakula cha mchana, familia ya meza ya jirani iliwakaribisha. Mama wa familia hiyo, mwanamke mnene mwenye moyo wa kupenda watu, aliwaonyesha picha za wanawe kwenye simu, kisha akataka kujua habari za wale walioachwa kwa bibi. Ilikuwa zamu ya Dereva. Alianza kwa utani kama kawaida. Akasema wa kike walimpa jina la Kijiko, kwa sababu alipokuwa mdogo hakukubali kula ila kwa kijiko chake mwenyewe cha bati, hata wakienda kualikwa lazima kibebwe. Akasema alikuwa akikilaza chini ya mto. Akasema mvua ikipiga alijificha, si chini ya kitanda, bali ndani ya koti la baba yake likiwa ukutani, zikaonekana nyayo tu. Utani ulikuwa umekwisha zamani na mwenyewe hakujua. Uso wake ulikuwa umelainika, macho yanang'aa, mikono inaonyesha urefu wa mtoto aliyefika hapa.

Mwalimu alimtazama na chakula kikamgomea. Aliona mwanamume anayetamani mtoto mpaka amembunia nyayo.

Miaka michache nyuma alitolewa kizazi. Mumewe alimuuguza vizuri, akasubiri apone, kisha akaondoka kwa adabu, akisema anataka kusikia mtu akimwita baba. Mwalimu hakumlaani. Aliapa tu kwamba hatamweka mwanamume mwingine mahali pa kuchagua.

Alisema anaumwa kichwa, akaenda chumbani kwake kusikokuwa na dirisha. Jioni ile hakwenda nyuma ya meli. Kesho yake aliagiza chakula chumbani, na Dereva alipobisha hodi alimjibu bila kufungua kwamba amechoka. Neno lenyewe lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimtoka kirahisi. Dereva alisimama nje ya mlango kwa muda, watoto wakimpita wakitoka kuogelea, miguu yao imeloa. Aliwaza amemkosea nini, akapata jibu lililokuwa karibu zaidi: huyu ni mwalimu, amesoma, na mimi ninaendesha basi. Ya melini yalikuwa ya melini. Siku ya kushuka walionana kwenye foleni, wakaagana kwa kupeana mikono, na namba za simu zilizokwisha kuandikwa zikabaki zimeandikwa.

Shule zikafunguliwa. Alfajiri Dereva alikuwa barabarani akikusanya watoto wenye usingizi, na Mwalimu alikuwa mbele ya darasa, amefungua madirisha yote, akitafuta sauti yake. Dereva alipiga simu mwisho wa wiki ya kwanza, haikupokelewa. Alituma ujumbe wa kumjulia hali. Jibu likaja jioni: Salama, kazi nyingi. Aliandika tena, akajibiwa vile vile, kwa ufupi ambao mtu hawezi kuulaumu wala kuushika. Baadaye akaacha. Alipomaliza zamu alikaa ndani ya basi tupu na kufagia mabaki ya biskuti taratibu kuliko kawaida.

Mdogo wake Mwalimu ndiye aliyechokoza. Alikuja Jumamosi kurudisha pasi aliyoazima, akamkuta dada yake amelala kwenye kochi mchana, madaftari ya wanafunzi yamemzunguka. Akamuuliza ile safari ilimpumzisha nini. Kidogo kidogo, huku wakikunja nguo, akasimuliwa yote, na mengine alishayajua. Walipofika shuka la mwisho, mdogo mtu akauliza.

"Dada, umemwambia?"

"Nimwambie nini? Mtu nimemjua wiki moja."

"Kwa hiyo hujamwambia. Umemkatia hukumu, ukajikatia na wewe."

Mwalimu alimjibu kwamba mwenye watoto watatu kama yeye hawezi kujua. Mdogo mtu alikubali kwamba hawezi. Aliweka shuka juu ya nguo nyingine, akabeba mkoba wake, akasema tu kwamba mtu wa kukuacha usinzie begani hapatikani kila likizo.

Alipoondoka, Mwalimu alipiga simu. Alipiga upesi, asije akabadilisha nia.

"Mwalimu," Dereva akasema. Nyuma yake kulisikika maji. Alikuwa akiosha basi.

"Nisikilize, usinikatishe. Mimi sizai. Nilitolewa kizazi. Nilikuona pale mezani ukimsimulia yule mama, na nikajua unachokitaka, na mimi sinacho. Ndiyo maana sikufungua mlango. Ni hayo tu. Si kosa lako."

Maji yakafungwa.

"Yule mtoto yupo," Dereva akasema.

Mwalimu hakuelewa.

"Kijiko. Sikumbuni. Aliletwa kwangu akiwa anaanza kutambaa, mimi na mama yake tulipoanza kuishi pamoja. Nilimlea mpaka akaanza shule. Nilikuwa nampeleka mwenyewe kwa basi langu, anakaa kiti cha nyuma yangu. Halafu mama yake akarudiana na baba wa mtoto, wakahama nchi. Sikuzuia, ningezuia kwa haki gani? Si damu yangu. Hata picha sipelekewi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Pale mezani nilianza kutania, nikajikuta namsema yeye. Sijawahi kumsema kwa mtu. Kumbe ndiyo nakufukuza."

Mwalimu aliketi ukingoni mwa kochi, akayakalia madaftari bila kujua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mtu akiniuliza kama nina mtoto, nikisema ndiyo ni uongo, nikisema hapana pia ni uongo. Kwa hiyo nasema wako kwa bibi yao."

Hakuna aliyelia. Kisha Dereva akauliza kama anaweza kuja. Mwalimu akasema nyumba haijafagiliwa, ana madaftari ya kusahihisha, na yeye mwenyewe hana hata nguvu ya kuchana nywele. Dereva akasema naye amechoka, hatakuja kutazama nywele.

Alifika jua likiwa limeanza kulegea, amebadilisha shati lakini mikono bado inanuka sabuni ya kuoshea basi. Mwalimu alimfungulia akiwa na kanga kiunoni na kalamu nyekundu sikioni. Hawakujua wakumbatiane au wapeane mikono, wakafanya kitu cha katikati kikawachekesha kidogo. Alimpa maji. Akamwonyesha kochi, akahamisha rundo la madaftari, akaendelea na kazi yake mezani, kwa sababu Jumatatu haimsubiri mtu. Dereva aliuliza kama anaweza kusaidia, akaambiwa akae. Akakaa. Macho yalianza kufumba yenyewe.

"Mwalimu," alisema, kichwa kimeegemea ukuta. "Nikuoe?"

Kalamu ilisimama juu ya mstari.

"Unasinzia wewe. Lala kwanza. Ukiamka, kama bado unalo hilo swali, uliza tena."

Alilala kweli, mdomo wazi kidogo, viatu miguuni. Mwalimu alisahihisha daftari moja, na lingine, akarudia lile la kwanza kwa sababu hakukumbuka alichokisoma. Alimtazama. Alitafuta moyoni ile hofu ya zamani na akaikuta palepale, imekaa, lakini leo ilikuwa na mwenzake chumbani. Aliinuka, akamvua viatu, akavipanga karibu na mlango kando ya vyake.

Dereva alipoamka taa ilikuwa imewashwa. Alijinyoosha, akatazama soksi zake, akatazama viatu vilipo. Kisha akaketi sawasawa, mikono magotini.

"Bado ninalo," akasema. "Nikuoe?"

Mwalimu alifunika kalamu yake.

"Hapatakuwa na mtoto, Dereva. Sio leo, sio baadaye. Na mwaka utakuja utamkumbuka Kijiko sana, utanitazama mimi, na nyumba itakuwa kimya. Siku hiyo usiondoke kwa adabu. Unikasirikie, upige kelele, ila ubaki."

Dereva alifikiri. Hakuharakisha kujibu, na kule kutoharakisha kulimtuliza Mwalimu kuliko kiapo.

"Nitabaki," akasema. "Kumkumbuka sitaacha. Utaniruhusu nikusimulie?"

"Utanisimulia."

"Basi ndiyo?"

"Ndiyo," akasema, kisha akalirudia neno hilo.

Alikwenda jikoni kutazama kuna nini cha kula. Dereva akamfuata bila viatu, akachukua kisu na vitunguu, akaegemea kando ya sinki ili magoti yapumzike. Mwalimu aliwasha jiko. Baada ya muda, akiwa ameinamia sufuria, akamwambia aanze.

"Nianze nini?"

"Habari za mtoto. Alikuwa anapenda kukaa dirishani au upande wa njia?"

Dereva akaacha kukata. Akafuta macho kwa kiwiko, kwa sababu ya vitunguu, akaanza.