Udongo wa Pango la Iruwoni

Zama zile mlima Kilimanjaro ulikuwa na wamangi, yaani watawala, wengi kama mito yake, na kila mangi alilala mkuki wake ukiwa karibu na mkono. Misafara ya pwani ilipiga kambi nyikani na mizigo ya vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba na magobore. Ilitaka pembe za ndovu. Pembe zilipopungua, ikataka watu. Hapo ndipo jirani alipoanza kumtazama mtoto wa jirani yake kama bidhaa.

Juu, mpakani mwa msitu, ilikuwa nchi ndogo ya Iruwoni. Chini yake, mwendo wa nusu siku, ilikuwa Kimbeni yenye askari wengi na bunduki. Mangi wa Iruwoni alipoona hawezi kushindana nao uwanjani, aliamuru lichimbwe pango chini ya migomba, la kuwaficha wanawake, watoto na ng'ombe. Kazi ile alimkabidhi mchili Ngatara, mkuu wa mtaa, mtu hodari asiyelala, ila mwenye masikio mazito kwa maneno ya wengine.

Kuchimba pango si kazi. Kazi ni udongo wake. Ukiurundika nje, adui anaujua kabla hujamaliza. Kwa hiyo wachimbaji waliuchota kwa vikapu usiku na kuumwaga katika mfongo, yaani ule mfereji wa mababu uliotoa maji mtoni kule msituni, ukayapitisha mashambani, kisha ukayarudisha mtoni. Kulipokucha maji yalikuwa meupe. Ngatara mwenyewe alikwenda kuyatazama kila alfajiri, akarudi anapiga mluzi.

Katika mtaa ule aliishi mjane aitwaye Nderumaki. Alizaliwa Kimbeni akaolewa Iruwoni. Alizika mume, akazika na watoto, akabakiwa na Kiwia peke yake, kijana mrefu wa rika jipya la askari, mwenye ngao ya nyati na manyoya ya mbega miguuni. Kwamba mama huyu alikuwa na hofu, hakuna asiyejua. Kiwia akikohoa mara moja, mama hapati usingizi. Basi watu wakazoea, na mtu aliyezoeleka kwa hofu, siku akiona jambo kweli, nani atageuza shingo?

Mpakani mwa Iruwoni na Kimbeni palikuwa na soko la wanawake. Desturi ya mlima ilikuwa hivi: hata vita vikiwaka, mkuki hauingii sokoni. Siku moja ya kiangazi kikali Nderumaki alishuka na ndizi zake ili apate magadi, akakutana na wifi yake Mashoya, mke wa kaka yake kule Kimbeni.

"Wifi," Mashoya akamtania, "huko kwenu siku hizi mnaoga wote kwa pamoja?"

"Kwa nini, wifi?"

"Maji yenu hayo! Mvua hakuna, lakini kila asubuhi mto unatujia mwekundu kama mtu aliyepakwa ngeu. Kaka yako kayaonja, akatema, akasema huu ni udongo wa kuchimbwa, akampelekea Mangi wetu kibuyu kizima. Tangu hapo askari wanapanda na kushuka kando ya mto kama siafu." Kisha Mashoya akajishika mdomo. "Mimi nami! Haya, nipe ndizi zangu niende."

Nderumaki aliyaacha magadi chini, akapanda mlima hajui anakanyaga wapi.

Alimkuta Ngatara na wachimbaji wake wakinywa pombe ya mbege kivulini, maana pango lilikuwa limekwisha.

"Mchili, Kimbeni wameuona udongo."

"Wameuonea wapi? Mimi maji nayatazama kwa macho haya kila alfajiri. Meupe."

"Kwako meupe kwa sababu yamekwisha kupita! Unachomwaga usiku kinafika kwao asubuhi, wakati wanawake wanachota. Nimezaliwa kule, mchili. Hata jani lilipoanguka huku, sisi tulilipokea kesho yake."

"Mama Kiwia, mwaka jana ulitulaza msituni kwenye baridi, ukasema adui anapanda. Aliyepanda alikuwa nani?"

"Nguruwe!" akadakia mmoja.

"Nguruwe na wanawe," akasema mwingine, "na hata wao walikimbia walipomsikia mama anapiga yowe."

Wakacheka mpaka mbege ikamwagika.

"Mwaka jana nilikosea," Nderumaki akasema. "Leo sikosei. Msiwaingize watoto humo."

"Nenda ukapike, mama," Ngatara akajibu, wala si kwa ukali. "Nina kazi."

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja baragumu lililia kutoka kilima cha chini. Kimbeni walikuwa wanapanda! Mtaa mzima ukakimbilia pangoni, huyu na mbuzi, huyu na kizee mgongoni. Kiwia alikuwa amepangiwa kulinda mlango. Mama yake akamkuta pale, akamshika mkono mbele ya wenzake wote.

"Huingii humo. Twende msituni."

"Mama, niache. Watu wanatazama."

"Watazame!" Akashika kifua chake. "Kama ulinyonya hapa, utapanda. Ukiingia humo, maziwa haya nayadai."

Neno hilo la mama, katika mlima ule, lilikuwa laana ambayo mwana hathubutu kuivuka. Kiwia aliinamisha kichwa. Rafiki yake Mlatie akamwita kwa nyuma, "Kiwia, mbebe mama vizuri! Au ni yeye atakayekubeba wewe?" Vijana wakacheka, na kijana yule akapanda mlima macho yakimwuma.

Wachache waliwafuata, ama kwa kumwamini Nderumaki, ama kwa kukosa nafasi. Mmoja wao alikuwa mwanamke aitwaye Ndeshau, ambaye watoto wake wawili walikuwa wamekwisha kuingizwa pangoni na bibi yao. Walipita migomba ya mwisho wakaingia penye miti mikubwa yenye ndevu za ukungu, ambamo jua halifiki chini na kila jiwe linatoka jasho. Huko ndiko mlima unakohifadhi maji yake. Wakajibanza juu ya banio, pale mfongo unapouacha mto kwa ukuta wa mawe, matope na magogo ya migomba.

Kupitia upenyo wa miti waliwaona Kimbeni. Hawakutafuta nyumba kwa nyumba. Walifuata mfongo wakipapasa kingo zake, na penye udongo mwekundu uliogandia mawe wakasimama. Mmoja akapiga mguu chini, akasikiliza. Kisha wakachukua majembe, wakakata ukingo.

"Wanafanya nini?" Ndeshau akauliza.

Kiwia ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Wanaugeuza mfongo. Wanajaza pango maji, watu watoke wakamatwe, au wafe." Akasimama. "Banio hili hapa. Nikilivunja, maji yanarudi mtoni."

"Watapanda kukutafuta!" Nderumaki akaishika ngozi aliyovaa mwanawe. "Keti!"

"Mama."

"Nimekutoa kule ili uishi!"

Neno la maziwa lilikuwa tena mdomoni mwake. Angelisema, Kiwia angeketi. Lakini Ndeshau alipiga magoti kando yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nderumaki, wanangu wamo."

Vidole vya mama vikaachia, kimoja baada ya kingine.

Kiwia aliruka chini. Akang'oa magogo, akasukuma mawe kwa mgongo mpaka ukuta ukapasuka, na mto ukajitupa kwa kishindo katika njia yake ya zamani. Kule chini mfongo ukakauka. Kimbeni wakapiga kelele, na wengi wao wakapanda mbio kuja kuliziba banio tena. Njia ilikuwa nyembamba, utelezi pande zote. Kiwia alisimama katikati ya mto na ngao yake. Wa kwanza alichukuliwa na maji. Wa pili akachomwa mkuki. Kisha gobore likalia, na ngao ya nyati haikuwa imetengenezwa kwa ajili ya gobore.

Pangoni maji yalikuwa yamefika shingoni mwa watoto, ndipo yakasimama. Ngatara, akimwona adui amepungua mlangoni, alitoka na vijana wake wakiwa wamepakaa matope toka unyweleni hadi ukuchani, wakapigana kama watu waliokwisha kufa. Kimbeni wakarudi chini bila mateka hata mmoja.

Pango lile watu wa mlima waliliita Pango la Ngatara, na jina likabaki. La aliyevunja banio wachache walilijua, kwa maana banio lilijengwa upya kabla ya mvua, likawa kama halikuvunjwa kamwe.

Baada ya maziko ya Kiwia, Ngatara alikwenda kwa Nderumaki akishika jani la isale, jani la kuomba msamaha, ambalo mtu wa mlima hawezi kulikataa. Nyuma yake Mlatie alivuta ng'ombe wa fidia, kichwa chini. Mchili akasimama uani hadi miguu ikamchoka.

"Mama Kiwia, sema neno."

Nderumaki akalipokea jani, kwa kuwa desturi ni desturi. Hakumtazama ng'ombe.

"Neno nilikuletea, mchili," akasema. "Ulikuwa na kazi."