Yurani Anateremka na Gia

Kila asubuhi Ofelina aliwapikia madereva supu ya viazi na mayai. Kibanda chake kilikuwa juu mlimani, chini kidogo ya pale malori yanapoanza kuteremka kwenda mji wa Ibagué. Breki alizijua kwa harufu. Lori likipita linanuka kuungua, alifanya ishara ya msalaba, kisha akaendelea kumenya viazi.

Binti yake Yurani alikuwa utingo kwenye lori la mjomba wake, Gildardo. Alikuwa msichana mkubwa sasa, na alitaka kitu kimoja tu: awe dereva wa malori, aishi kwa kazi hiyo. Ofelina hakumkatalia. Lakini moyo haukumtulia.

Asubuhi moja Gildardo alikaa mezani, akamega mkate wa mahindi.

"Dada, kesho binti yako anashika usukani. Anateremsha lori la vitunguu mwenyewe."

"Nani kamfundisha kuteremka?"

"Si mimi hapa! Ukifika juu unatoa gia. Lori linajiendea, wewe unagusa breki tu. Dizeli haiungui bure. Sisi wote wa huku tunafanya hivyo."

"Na leseni?"

"Leseni tutainunua. Kuna mtu mjini anazitoa, hana maswali."

Jirani yao Graciliana alikuwa pale anakula. Mama huyu aliendesha malori ya kahawa mpaka bandarini kwa miaka mingi. Siku hizi alifundisha chuo cha udereva. Aliweka kijiko chini, akamgeukia Yurani aliyesimama mlangoni.

"Yurani, njoo. Sugua viganja. Kwa nguvu! Usiache."

Yurani akasugua. Punde akaachia. "Aa! Vinaunguza!"

"Basi hizo ndizo breki zako ukitoa gia. Zinalizuia lori zima peke yake, mlima wote. Zikipata moto mno, hazishiki tena. Unakanyaga, na lori linakwenda."

Yurani alitazama viganja vyake. "Sasa nifanyeje, mwalimu?"

"Kabla ya mteremko, simama. Kagua breki na tairi. Ingiza gia ndogo ungali juu. Hapo injini inakusaidia kulizuia lori. Mwendo ukizidi, kanyaga breki imara, upungue, kisha achia zipoe. Usingoje ufike katikati ndipo utafute gia. Huenda isiingie."

Gildardo alicheka. "Mwalimu, kwa mwendo huo vitunguu vitafika vimeota!"

"Heri viote sokoni kuliko bondeni, Gildardo."

Ofelina alifuta mikono kwenye aproni. "Kaka, mwaka huu umebadilisha breki mara ngapi?"

"Breki za siku hizi, dada, hazina..."

"Nimeuliza mara ngapi."

Gildardo akaanza kutafuta chumvi.

"Iko mbele yako, mjomba," Yurani alisema.

"Sikilizeni basi," Ofelina alisema. "Mwanangu atakuwa dereva. Lakini kwanza aende chuo. Apimwe macho na masikio. Afanye mtihani, apate leseni ya haki. Kabla ya hapo hashiki usukani mlimani. Ukimpa, kaka, supu ukaile kwingine."

"Kwingine wapi? Dada, una roho ngumu!"

Yurani alienda chuo. Mtihani wa kurudisha lori nyuma ulimshinda mara ya kwanza. Alilia, akafanya mazoezi, akarudia, akapita.

Siku ya kuteremka ilifika. Gildardo alikaa dirishani, Ofelina katikati, rozari mkononi. Yurani alisimamisha lori juu. Alishuka, akakagua kila tairi na breki. Akapanda, akaingiza gia ndogo, ya tatu. Lori likaanza kuteremka likinguruma. Nyuma yao honi zikalia.

"Mwanangu, hata ng'ombe watatupita," Gildardo alinung'unika.

"Wapite, mjomba. Wanawahi kukamuliwa."

Walikata kona kali. Mbele yao basi lilikuwa limeharibika katikati ya barabara. Abiria walikuwa wanashuka, akina mama na watoto wao. Ofelina alifumba macho.

Yurani alikanyaga breki. Zilishika. Lori lilipunguza mwendo, likasimama mbali na basi. Mtoto mmoja aliwapungia mkono.

Gildardo aliwatazama abiria wale, kisha akautazama mkono wa gia.

"Hiyo gia ni ya ngapi?" aliuliza polepole.

"Ya tatu, mjomba."

Leo Yurani ameajiriwa. Anapeleka kahawa bandarini, na mshahara wake ni wa uhakika. Juzi alipumzika nyumbani, akakaa kibandani akila na mama yake. Lori la Gildardo likapita, likiteremka polepole, likinguruma. Nyuma yake malori matatu yalipiga honi kwa hasira.

Ofelina alichungulia barabarani. "Nani anaendesha?"

"Mjomba mwenyewe."

Honi zikazidi. Gildardo hakuharakisha.