Matairi ya Kwenda Harusini

Pikapu iliteleza ubavu, ikazunguka nusu, ikasimama ikitazama ilikotoka. Fundi akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakalia, yakarusha tope hadi kwenye kioo, na gari likashuka taratibu mpaka tumbo lake likalala juu ya ardhi.

"Limekwama?" aliuliza mama mkwe wake.

"Halijakwama, mama. Limepumzika kidogo."

Lilikuwa limekwama, tena katikati ya uwanda wa chumvi, mahali ambapo wakati wa kiangazi hupitika vizuri kuliko barabara kuu. Kila dereva wa pande zile aliujua mkato huo, na kila dereva alijua pia kwamba mvua ikinyesha mkato unageuka mtego. Asubuhi mbingu zilikuwa safi. Halafu mvua ikatokea nyuma yao, ikawapita, ikawasubiri mbele.

Fundi alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache, na mbele ya mama mkwe hata hayo machache yalipungua yakabaki shikamoo na asante. Mama alifiwa na mumewe mwaka uliopita. Siku hiyo alikuwa akihama nyumba yake kwenda kuishi na binti yake, na kitu pekee alichokataa katakata kukiacha ni friji lake kuukuu. Fundi alikwisha kulitengeneza mara nyingi kiasi kwamba kitu cha asili kilichobaki ni mlango. Lilikuwa nyuma ya pikapu, limefungwa kamba, limesimama wima.

"Unifikishie mama mzima," mkewe alimwambia kwenye simu kabla hawajaondoka.

"Nisipomfikisha mzima nitamfikisha vipi, vipande?" alijibu, akacheka. Sasa alitamani angeumeza mzaha ule.

Alishuka. Tope likamfika vifundoni. Akayatazama matairi. Mifereji yote ilikuwa imeziba. Kilichobaki kilikuwa duara laini linalong'aa, lisiloshika kitu.

Na matairi yenyewe yalikuwa mapya! Hapo ndipo palipomuuma. Wiki chache nyuma alisimama kwenye duka la matairi, kati ya harufu ya mpira na kelele za pampu ya upepo, na muuzaji akamwekea mbele aina mbili. Zote mbili ziliandikwa ubavuni kwamba ni za misimu yote. Ya kwanza ilikuwa na meno makubwa na mifereji ambayo kidole kinazama. Ya pili ilikuwa na mistari myembamba, mizuri, kama nywele zilizosukwa.

"Wewe unayetoka nje ya lami, chukua haya yenye meno," muuzaji alimshauri. "Haya mengine ni ya misimu yote, sikatai, lakini misimu yote ya lami."

"Yenye meno yananguruma?"

"Kama hayo uliyokuja nayo. Tairi haliwezi kuwa na meno likanyamaza."

Fundi akachukua yanayonyamaza. Sababu ilikuwa moja tu, na hakumwambia mtu. Safari aliyompeleka mama mkwe kliniki, mama alisema, "Gari lako linanguruma, baba." Baada ya mwendo akasema tena. Mkwe mwenye adabu hangoji kuambiwa mara ya tatu. Katika yale ya zamani alibakiza moja tu liwe la akiba, nalo sasa lilikuwa limelala nyuma, pembeni mwa friji.

Alipunguza upepo kwenye magurudumu ya nyuma ili yatanuke yashike ardhi. Akachimba tope kwa sufuria ya mama. Akatoa rafu za waya za friji, akazisukuma chini ya matairi. Alipoinuka alimkuta mama mkwe amesimama nyuma ya gari, gauni amelikunja magotini, bega lipo tayari.

"Rudi ndani, mama, tafadhali."

"Nikafanye nini ndani? Nikuombee? Washa gari."

Mtu habishani na mama mkwe. Lakini siku ile ilimpasa abishe, na atalijutia jambo hilo mpaka aingie kaburini. Aliwasha. Matairi yakaziuma rafu, pikapu ikasogea mbele, Fundi akapiga kelele za furaha. Halafu rafu moja ikafyatuka kwa nyuma. Hakusikia ukelele, alisikia pumzi tu, kama ya mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

Waya ulikuwa umelichana shavu la mguu wa mama kutoka nyuma ya goti hadi karibu na kisigino. Damu ilimwagika juu ya tope jeupe. Fundi alimbeba hadi kwenye kiti, akafungua chupa ya maji.

"Hayo ni ya kunywa," mama alisema.

"Haya ya chini ni chumvi tupu. Siwezi kuyatia kwenye kidonda."

"Basi kidogo. Kidogo, nimesema!"

Aliosha, akafunga kwa kitambaa cha kichwa cha mama, akakaza mpaka mama akamshika sikio na kulivuta. Alikubali kuvutwa sikio. Damu ilipungua.

Mvua haikukoma hadi kulipokucha. Fundi aliweka juu ya kabini lile droo la friji la kuwekea mboga, likakinga maji matamu, na hilo ndilo jambo pekee alilolifanya vizuri. Simu haikuwa na mtandao, kisha ikazima. Mwanga ulipokuja, walikuta uwanda haupo. Palikuwa na ziwa, na pikapu imekaa ndani yake, maji ya chumvi yakilamba mlango. Mguu wa mama ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa. Mwili wake ulikuwa moto. Alikuwa akizungumza na marehemu mumewe, akimwambia afunge dirisha.

Fundi aliogopa. Aliyaogopa maji, akauogopa mguu ule, na zaidi ya yote aliogopa kumwona mkewe amesimama mlangoni akikitazama kiti cha abiria kitupu. Wanasema usiache gari lako, ukae mtu akukute. Nani angepita ziwani? Na maji yalizidi kupanda.

Mbali, upande wa jua, aliona mawe meusi yameinuka juu ya maji. Akatazama lile friji. Akachukua bisibisi.

"Unafanya nini?" Mama alikuwa amerudiwa na fahamu.

"Nataka kung'oa mlango, mama. Unaelea. Nitakuvuta juu yake." Akasita. "Najua ni kitu chako."

"Friji halina mguu wa kuoza. Ng'oa."

Aling'oa. Akanyonya mafuta kwa mpira kutoka tangini, akayatia kwenye kidumu cha oili. Akachukua kimtungi chake cha gesi cha kuchomelea mabomba ya friji, na maji matamu yote yaliyoingia kwenye chupa. Akamlaza mama juu ya mlango, akamwegemeza kwenye tairi la akiba, akafunga kamba kifuani pake mwenyewe, akaanza kuvuta.

Pale maji yalipokuwa mengi mlango ulielea na kazi ikawa nyepesi. Pale yalipopungua uliburuza tope, na kila hatua ilibidi aichomoe kama anang'oa jino. Viatu vilibaki huko chini. Chini ya tope kulikuwa na gamba la chumvi lenye makali, likamkata nyayo, na chumvi ikaingia kwenye mikato. Alilia kwa sauti bila aibu. Alianguka, akainuka, akaanguka. Safari moja alipoanguka hakuona sababu ya kuinuka. Maji yalikuwa vuguvugu. Mashavu yake yaligusa tope na akaona afadhali.

Akasikia kiganja kinapiga bati la mlango. Pa! Pa! Pa!

"Wewe," mama alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Binti yangu sikumwoza mtu wa kulala. Vuta."

Akavuta.

Walifika kwenye mawe jua likiwa utosini nyuma ya mawingu. Fundi alilisimamisha tairi kati ya mawe mawili, akalimwagia mafuta, akaliwasha kwa moto wa gesi mpaka mpira ukaanza kutokota. Lilikuwa limelowa, likafuka, likakataa. Alilitukana. Halafu likashika, na moshi mweusi mzito ukapanda.

Mama aliutazama moto kwa macho mazito.

"Hili moja lina meno," alisema. "Yale manne uliyafunga ya nini? Marehemu alikuwa dereva wa lori. Matairi laini kama yale alikuwa akiyaita ya kwenda harusini."

Fundi alikuwa amechoka kuliko adabu yake. "Kwa ajili yako, mama. Ulisema gari linanguruma. Ukasema tena."

Mama alifumba macho, Fundi akashika mkono wake kuona kama mshipa bado unapiga.

"Mimi nilisema hivyo ili ufungue mdomo," alisema. "Kutoka kwangu hadi kliniki nimekaa na mtu kama nimekaa na gunia la mkaa! Nikaona nitaje chochote, hata gari, labda atanijibu. Ukaenda ukanunua matairi."

Alicheka. Kicheko kikageuka kilio katikati, na Fundi naye akalia, wakalia wote wawili juu ya mawe yale, moshi ukiwaingia machoni na kuwapa kisingizio.

"Basi sema sasa," mama alisema. Kope zilikuwa zikimfunga. "Naona usingizi, na usingizi huu siupendi. Nizungumzishe."

"Niseme nini?"

"Chochote, baba. Sema tu."

Fundi akasema. Mwanzo maneno yalitoka moja moja. Alimweleza jinsi friji linavyopoza, gesi inavyozunguka. Alimweleza kuhusu mteja aliyefuga kuku ndani ya friji bovu. Kila mama alipoinamisha kichwa alimtingisha bega, akampa maji funda moja, akapaza sauti. Mwisho, kwa kukosa kingine, akamweleza lile alilolificha miaka yote.

"Siku ya kwanza mliponiita kutengeneza friji lako, halikuwa na tatizo. Plagi ilikuwa imelegea. Lakini binti yako ndiye aliyenifungulia mlango. Nikasema kazi ni kubwa, nitarudi kesho. Na keshokutwa."

Mama alifumbua jicho moja. "Nilijua. Marehemu alitaka kukufukuza. Nikamwambia, mwache, anatengeneza."

Tairi liliungua likabaki waya. Moshi ukawa mwembamba, kisha ukawa wa kijivu, kisha ukawa hakuna. Sauti ya Fundi ilikuwa imekauka, lakini hakuthubutu kunyamaza. Alikuwa akihesabu majina ya mitaa ya mjini, moja baada ya jingine, hana tena hadithi, mama hamjibu tena, alipoisikia ngurumo. Alidhani ni radi. Radi haikukoma. Ilitokea upande wa pili wa mawe, nzito, yenye kusaga, mpaka alipoliona trekta la wachota chumvi likipasua maji kwa magurudumu marefu kuliko mtu, na juu yake mwanamke amevaa koti la mvua.

"Nilisema moshi mweusi vile si wa kupikia chai," mwanamke wa trekta alipaza sauti. "Mko wangapi? Yuko hai huyo?"

"Yuko hai," alisema Fundi. Hakuwa na hakika. Aliweka sikio kifuani kwa mama, akarudia kwa nguvu, "Yuko hai!"

Hospitali walimtia maji mshipani, wakaondoa nyama iliyoharibika na kuushona mguu. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu asingekuwa na mguu wa kushona, na pengine asingekuwepo mwenye mguu. Siku alipoletwa nyumbani, binti yake alisimama mlangoni, akamtazama mumewe aliyefungwa bandeji miguu yote miwili, halafu akamtazama mama yake.

"Mzima?" aliuliza.

"Mzima," mama alisema. "Ila friji halina mlango."

Friji lilipata mlango baadaye, wa kijani, kutoka kwenye friji jingine. Mwili mweupe, mlango wa kijani. Mama aliukubali bila kulalamika. Pikapu ilivutwa uwanda ulipokauka, na chumvi ilikuwa imezila rimu, na jua limeupasua mpira wa matairi yale mapya.

Ndipo Fundi akarudi dukani. Safari hii hakwenda peke yake. Mama mkwe alishuka kwa mkongojo, akalipita benchi la wateja, akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Muuzaji akamletea aina mbili.

"Haya mama yametulia sana, hutasikia kitu."

"Hayo peleka harusini." Mama akatumbukiza kidole kwenye mfereji wa yale mengine, kikazama mpaka kwenye kifundo. Akakiacha humo kwa muda. "Haya yananguruma?"

"Kwa kweli yananguruma, mama. Siwezi kukuficha."

"Funga manne. Na la akiba liwe hivyo hivyo."

Walipotoka na kushika barabara, kabini nzima ilijaa mngurumo. Fundi alishika usukani, akamtazama mama kwa pembe ya jicho, akaanza kumweleza habari za mteja wa asubuhi ile.

Mama aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Paza sauti, mwanangu. Sikusikii."

Fundi akapaza sauti.