Dari ya Baraza ya Shangazi Vernelle

Kiti cha kubembea kilikuwa na joto. Thaddeus alikikalia akainuka upesi kama aliyekalia paka. Mto ulikuwa na joto la makalio ya mtu, na barazani hapakuwa na mtu.

"Shangazi, nani alikuwa amekaa hapa?"

"Nani tena, zaidi yako na hilo tumbo lako?" Shangazi Vernelle alijibu toka jikoni, akigeuza wali mwekundu wa kamba.

Thaddeus alikuwa mtafiti wa nyumba kongwe. Mpe msumari wenye kutu, atakutajia enzi ya mhunzi aliyeufua. Muulize soksi zake ziko wapi, hana habari. Alikuwa ametoka Philadelphia kurudi kisiwani kwao, Carolina Kusini, kuthibitisha umri wa nyumba ya shangazi yake. Asubuhi hiyo alikwangua rangi ya buluu ya dari ya baraza ahesabu matabaka yake. Kipande cha ukubwa wa sahani kingetosha, lakini kila buluu ilificha buluu nyingine, utamu ukamkolea, akakwangua dari nzima hadi mbao tupu.

Shangazi alitoka, akatazama juu, mwiko ukamdondoka.

"Umenivua nguo, Thaddeus! Jinamizi likiona buluu hudhani ni maji, haliwezi kuvuka."

"Hiyo ni ya kufukuza nyigu tu, shangazi."

"Haya. Wasubiri nyigu wako."

Baada ya chakula shangazi akajilaza. Thaddeus alikuwa akipima ngazi aliposikia pumzi, si ya mtu mmoja bali ya wawili, moja ikivuta na nyingine ikipokea, na harufu ya nyama mbichi iliyosahauliwa juani ikamfuata ukumbini, ikazidi kila alipopiga hatua, hata aliposukuma mlango akamwona shangazi yake macho wazi, mdomo wazi, hana sauti, na shuka kifuani pake imedidimia mashimo mawili, kama ya magoti.

"Shangazi!"

Shuka ikainuka. Shangazi akakohoa, midomo myeusi.

"Linaninywa pumzi," alinong'ona. "Likinikalia tena, mwanangu, utanizika."

Thaddeus akambeba hadi bustanini, akamketisha kwenye kivuli. Akakimbilia stoo, akatoa mkebe wa buluu aliouacha marehemu mume wa shangazi. Akapaka dari, akapaka fremu za milango, akapaka madirisha yote, hakuacha ufa, shingo ikimuuma, utaalamu wote umemtoka.

Jua lilipolala akagusa mto wa kiti. Baridi.

"Limekwisha, shangazi! Haliwezi kuvuka!"

Shangazi akaja polepole, akaitazama rangi mbichi iking'aa kuizunguka nyumba yake yote. Hakutabasamu.

"Ulilitoa kwanza, mwanangu, ndipo ukapaka?"

Thaddeus akageukia mlango. Ndani, kitanda cha shangazi kikalia, taratibu, kama cha mtu anayegeukia ubavu wa pili.