Kijapani cha Fundi Javan

Mapenzi ya watu wa Homa Bay mimi nayajua kuliko wanavyoyajua wenyewe. Yangu tu ndiyo yalinishinda. Basi sikilizeni, maana haya si yangu.

Mwalimu Eucabeth alikuwa katika soko la Oyugis, gauni la manjano limemkaa kama alizaliwa nalo, akipigania bei ya sufuria.

"Mama, nipunguzie. Napokea wanafunzi kutoka Japani, shule nzima inaniangalia mimi."

"Japani?" sauti ikadakia nyuma yake. "Kijapani mimi nakijua."

Akageuka. Kijana mrefu, ovaroli imelowa grisi, meno meupe kama anatangaza dawa ya meno. Alikuwa Javan, fundi wa magari.

"Haya, sema tusikie."

Javan akafumba macho, akalainisha sauti kama ya msichana. "Iitishii kaado ga sonyuu sarete imasen."

"Yawa! Maana yake?"

"Karibu mrembo, moyo ulikuwa unakungoja."

Eucabeth akacheka mpaka sufuria ikamponyoka. Tangu siku hiyo simu haikupoa.

"Jaber, mrembo wangu, umekula?"

"Nitakula saa ngapi na wewe hukati simu?"

"Basi nikupe Kijapani kidogo."

"Nipe."

Naye akampa ileile, na mwalimu mzima, na diploma yake, akaitafuna kama nyama choma. Mwalimu mkuu alipouliza mkalimani yuko wapi, akajibu bila kupepesa macho, "Ninaye."

Wageni wakafika. Asubuhi wakamsalimu Achieng, mpishi: "Ohayo!" Achieng akasikia salamu ya Kijaluo ya asubuhi, akaangusha mwiko. "Oyaore! Kumbe hawa ni Wajaluo wenzetu, walipotelea tu mbali!"

Hapo mambo yalikuwa matamu. Kisha Javan, ndani ya suti ya kuazima, akasimama mbele ya shule nzima na kufumba macho.

"Iitishii kaado ga sonyuu sarete imasen."

Wale wanafunzi wageni wakaanza kuangukiana kwa kicheko. Mwalimu wao, Bi Haruka, aliyewahi kusoma Kiswahili, akajifuta machozi.

"Samahani. Hayo ni maneno ya gari. Ukiliwasha, linakuambia hujaingiza kadi ya kulipia barabara."

Shule ikapasuka. Eucabeth peke yake hakucheka. Alimvuta Javan nyuma ya jiko.

"Kumbe siku zote ulikuwa unaniambia sina kadi?"

"Jaber, magari ninayotengeneza yote yanatoka kwao. Sauti ni tamu vile, nikadhani ni mapenzi."

"Ulidhani!"

"Niliomba iwe."

"Toka, Javan. Umenivua nguo mbele ya watoto."

Akazima simu. Wageni wakafundishwa kusonga ugali, wakafundisha kukunja karatasi ikawa ndege, na Eucabeth akawatabasamia wote huku akipapasa simu iliyozimwa. Siku ya kuondoka, Bi Haruka akamshika mkono.

"Wanafunzi wangu wanamuulizia fundi. Tumekaribishwa kwa hotuba nyingi, lakini yeye alitoa Kijapani chote alichokuwa nacho. Mwambie neno alilokuwa akilitafuta ni *suki desu*."

Basi lao halijafika lami, Eucabeth alikuwa ameshavaa lile gauni la manjano.

Gereji ya Javan iko kando ya soko. Buti zake zilikuwa zimechomoza chini ya lori. Eucabeth kwenda mbele anaona haya, kurudi hataki. Akajibanza nyuma ya gurudumu, akapiga simu.

"Javan? Niko darasani, sina muda. Nimepiga tu kukusahihisha. Hakuna cha kaado kaado. Unasema *suki desu*."

"Maana yake?"

"Nakupenda. Ni masahihisho tu, usivimbe kichwa."

Chini ya lori nyundo ikagonga chuma: ngang! Ikagonga tena, polepole.

"Mwalimu, darasani kwenu kuna nyundo?"

"Ni... ni mafundi, wanarekebisha paa."

Uso wenye grisi ukachungulia kando ya gurudumu, meno yote nje.

"Basi sogea kidogo, jaber. Umenikanyagia spana."